Tume ya Tundu la Mafuta

Nchi yetu ina jina zuri, lakini kwa sasa limepelekwa kupakwa rangi upya, hivyo naomba tuendelee bila hilo. Mimi naitwa Kitogo. Ni mwandishi wa vikao katika Wizara ya Nishati na Mambo Mengine, kazi niliyoifanya miaka kumi na tisa bila kulaumiwa, kwa sababu hakuna anayekumbuka kwamba mwandishi yumo ukumbini. Nasimulia haya bila kinyongo na mtu. Naipenda serikali yangu, na ninaamini kila ilichofanya ilikifanya kwa nia njema, hata pale ambapo nia yenyewe haikuonekana vizuri.

Jambo lilianza siku Mheshimiwa Rais alipokwenda kuzindua kituo kipya cha mafuta. Ratiba ilisema atakata utepe, kisha atashika mpira wa pampu kwa mkono wake mwenyewe na kulijaza gari lake, ili wananchi waone kuwa naye ni mtu wa kawaida. Utepe ulikatika vizuri. Gari likasogezwa. Mheshimiwa akauchukua mpira, akatembea nao hadi ubavuni mwa gari, na pale hakukuta tundu. Tundu lilikuwa ubavu wa pili. Akazunguka nyuma ya gari akiuvuta mpira, bendi ikiendelea kupiga, na mpira ukaishia shibiri mbili kabla ya tundu. Akavuta. Sote tuliokuwepo tulimwona akivuta. Kisha tone moja la mafuta likadondokea kiatu chake.

Ilibidi awepo mwenye kosa. Dereva hakuweza kukosea, kwa kuwa ni mpwa wa mke wa Mheshimiwa. Kituo hakikuweza kukosea, kwa kuwa ni cha Waziri wetu, ingawa kimeandikishwa kwa jina la mama mkwe wake. Kuhusu Mheshimiwa mwenyewe, Katiba imeshaeleza. Likabaki gari, na gari lilikuwa limenyamaza tu. Mheshimiwa alilitazama kwa muda, akatikisa kichwa, akasema, "Hili la upande lichunguzwe."

Maneno manne. Kufikia saa nane mchana yalikuwa agizo, kufikia saa kumi yalikuwa sera, na kwenye taarifa ya habari Waziri alitangaza kuwa uuzaji wa mafuta umesimamishwa nchi nzima mpaka wataalamu wabaini upande sahihi wa tundu la mafuta. Alieleza kwa upole kwamba haingekuwa busara kuendelea kuingiza mafuta upande ambao baadaye ungethibitika kuwa si wenyewe. Aliwaomba wananchi wawe watulivu, na watembee.

* * *

Nilikuwa mtulivu kwa dakika tano hivi. Kisha nikamkumbuka mama.

Mama yangu, Bi Mgeni, figo zake zimechoka. Kila Jumanne na kila Ijumaa nampeleka hospitali ya rufaa, kilomita arobaini kutoka kwetu, anaunganishwa na mashine, damu inatoka chafu na kurudi safi. Alifanyiwa upasuaji mkono wa kushoto, mishipa miwili ikaunganishwa ili sindano za mashine zipate pa kuingilia. Mkono huo habebei ndoo, halalii, wala hapimwi presha. Ukiweka kidole juu kidogo ya kiwiko unasikia mtetemo, kama wa gari lililowashwa likaachwa limesimama. Mtetemo ukiwepo, mambo ni mazuri. Ukikosekana, ni mbio. Kila asubuhi, kabla hata ya chai, mama huninyooshea mkono niuguse.

"Unanguruma?" huniuliza.

"Unanguruma, mama."

"Basi nenda kazini."

Mwaka jana alikosa siku moja kwa sababu ya mafuriko. Miguu ilivimba, na usiku kucha alikaa wima kitini kwa kuwa kila akijilaza pumzi ilikata. Sista Ombeni, muuguzi wa mashine, aliniambia kwamba siku moja mgonjwa huvuka kwa bahati. Siku mbili mfululizo, alisema, nisije nikamuuliza.

Gari langu ni dogo, jeupe, limepita mikononi mwa watu wengi kabla ya kunifikia, na tundu lake la mafuta liko kushoto. Siku ya tangazo tangi lilikuwa na robo tatu. Nilikaa na karatasi ya wizara nikakadiria: safari sita, labda saba nikizima injini kwenye miteremko. Mabasi yalisimama siku ya pili. Kuanzia hapo macho yangu hayakutulia kwenye kitu kingine chochote duniani isipokuwa ule mshale wa mafuta. Nilikuwa nikishuka garini kazini, nafika mlangoni, narudi, nafungua, nautazama tena, kana kwamba ungeweza kushuka wenyewe huku gari limezimwa.

* * *

Tume ya Taifa ya Kuchunguza Upande Sahihi wa Tundu la Mafuta iliundwa kwa haraka ya ajabu, yaani wiki hiyohiyo. Mwenyekiti aliteuliwa Balozi Mstaafu Lutengano Makwaya, ambaye alikwishaongoza tume kumi na moja na hakuna hata moja iliyowahi kumaliza kazi, jambo lililomjengea sifa ya mtu makini. Alikuwemo Bi Shemsa, mtaalamu wa mila na maadili. Alikuwemo Injinia Kisanga, mzee mmoja mkimya ambaye maisha yake yote ametengeneza magari, na aliyeteuliwa, nilivyosikia, kwa bahati mbaya. Walikuwepo na wajumbe wengine kumi na wawili ambao sikuwahi kuwatofautisha, kwani walihudhuria kwa zamu. Mwandishi nikawa mimi. Tukapangiwa kukutana kila Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi.

Kwa faida ya wasiowahi kukaa kwenye vikao, nieleze jinsi vinavyokwenda. Ajenda ya kwanza ni kufungua. Ajenda ya pili ni kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita: mwenyekiti anauliza kama kuna marekebisho, mtu mmoja anasahihisha cheo chake, mwingine anapendekeza zithibitishwe, mwingine anaunga mkono, mwenyekiti anatia saini. Baada ya saini hiyo, kilichoandikwa ndicho kilichotokea. Hakuna anayezisoma, kwa sababu ajenda ya tatu ni yatokanayo, na ya nne ni chai. Katika kikao cha kwanza ile ya pili tuliiruka, maana hakukuwa na kikao kilichopita, tukafika kwenye chai mapema na wajumbe wakafurahi.

Kikao hicho cha kwanza kilitumia saa mbili kujadili kulia kwa gari ni kulia kwa nani: kwa aliyekaa ndani, au kwa anayelitazama kwa mbele. Ikaundwa kamati ndogo. Mimi wakati wote nilikuwa nikiandika kwa mkono mmoja, na kwa mwingine nikibonyeza ufunguo wa gari mfukoni.

Kikao cha pili Bi Shemsa aliomba nafasi na akasimama kabisa. Alisema mtu mwenye malezi hali kwa mkono wa kushoto, hapokei kwa kushoto, wala hampi mgeni kwa kushoto. Inakuwaje basi tuliache gari, tunalopanda na watoto wetu, lipokee kwa kushoto hadharani? Makofi yakapigwa. Mjumbe mmoja akauliza kuhusu yale magari ya zamani ambayo tundu lake liko nyuma kabisa, chini ya namba. Bi Shemsa akafumba macho, akaomba swali hilo liondolewe kwa heshima ya ukumbi.

Ndipo Injinia Kisanga aliponyoosha mkono. Alisema, kwa sauti ya mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni, kwamba yako magari ya kulia na yako ya kushoto, kila kiwanda huchagua chenyewe, na kwamba mbele ya dereva, kando ya kile kipicha cha pampu, mara nyingi kuna kishale kidogo kinachoonyesha upande ulipo. Kwa hiyo, alisema, hakuna tatizo.

Balozi akauliza nani alikiidhinisha hicho kishale. Hakuna aliyejua. Tume ilishtuka kugundua kwamba miaka yote hii magari yamekuwa yakiwaelekeza wananchi upande bila kibali cha mamlaka yoyote, na ikaundwa kamati ndogo ya pili, ya vishale. Katika kumbukumbu nikaandika: "Injinia Kisanga alichangia."

Magari ya Tume, niseme kwa haki, yaliendelea kujazwa mafuta, kwa ajili ya utafiti. Siku hiyo nilimfuata Balozi pembeni nikamweleza habari za mama, nikamwomba, kwa heshima zote, kama gari moja linaweza kumchukua siku za hospitali pale langu litakapokauka. Alinisikiliza vizuri sana. Akaniwekea mkono begani.

"Bwana Kitogo," alisema, "gari la Tume haliwezi kumbeba mgonjwa ambaye mwanawe ana gari la kushoto. Wananchi watasema tumeshaamua."

Nikamshukuru. Sijui kwa nini nilimshukuru. Miaka kumi na tisa ya kazi, mdomo hujiendea wenyewe.

Kabla ya kikao cha tatu Tume ilisafiri siku nne kwenda nchi jirani kujifunza. Ikakuta huko nako magari mengine yana tundu kulia na mengine kushoto, na watu wanajaza mafuta tu. Kikao cha tatu kizima kilikuwa cha kuangalia picha za ziara hiyo, na ikaonekana kwamba wenzetu bado wamechanganyikiwa. Hakuna kilichoamuliwa. Chai ililetwa na sambusa.

* * *

Jumanne ya wiki ya nne, tukirudi hospitalini, tukipanda kile kilima cha kabla ya nyumbani, taa ya njano iliwaka kando ya mshale. Ilikuwa safari ya saba. Nilizima redio, nikazima feni, nikafunga hata madirisha, kana kwamba mafuta yangetorokea huko.

"Hiyo taa ya nini?" mama akauliza.

"Inaonyesha kuwa gari linafanya kazi, mama."

Akaitazama, akanitazama mimi. Akasema marehemu baba naye alikuwa akimjibu hivyohivyo, mpaka siku walipolala njiani na kuku wa harusi ya watu. Tukacheka wote wawili. Kisha akaegemeza kichwa dirishani, ule mkono wa kushoto ameupakata kwa mkono wa kulia, akasinzia. Niliogopa. Nimelitafuta neno la kiofisi la hali ile na sijalipata. Niliogopa tu.

Kesho yake nilikaa ofisini kuchapa kumbukumbu za kikao cha tatu. Nikaandika waliohudhuria. Nikaandika picha. Aya ya 3.6 ikawa ya chai, sambusa na shukrani kwa wapishi. Kazi ilikuwa imekwisha, ningeweza kuzima mashine nikaenda zangu. Nikasimama, nikakaa, nikaenda dirishani kulitazama gari, nikarudi. Kisha nikaongeza aya ya 3.7: "Baada ya mjadala mpana, Tume iliazimia kwamba upande sahihi wa tundu la mafuta ni upande ule ambao tundu lipo. Mwandishi aliagizwa kuwasilisha azimio kwa Mheshimiwa Waziri bila kuchelewa."

Nilizichapa nakala kumi na tano. Nikazibana kwa haraka na vibaya, kurasa zikaenda juu chini.

* * *

Alhamisi, saa tatu na nusu. Balozi akafungua kikao. Ajenda ya pili. Akauliza kama kuna marekebisho.

Bi Shemsa akainua mkono. Alisema katika orodha ya waliohudhuria ameandikwa "Bi" bila "Daktari wa Heshima". Nikaomba radhi, nikasahihisha. Mjumbe mwingine akafunua hadi ukurasa wa mwisho, akausoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akafika 3.6, akasema sambusa hazikuwa za kuku bali za nyama. Pakatokea mjadala. Wako waliokumbuka kuku. Hatimaye tukakubaliana za nyama, nikasahihisha, na aya ya 3.7 ikiwa pale chini yake, upana wa kidole kimoja tu. Mmoja akapendekeza, mwingine akaunga mkono. Balozi akatia saini.

"Yatokanayo," akasema.

Nikasoma yatokanayo. Nilisoma kwa ile sauti yangu ya kila siku, isiyo na mtu ndani: kwamba azimio la Tume kuhusu upande sahihi liko tayari, linasubiri kupelekwa kwa Waziri.

Wajumbe walitazamana. Niliona kila mmoja akijitafuta kumbukumbuni, asijipate, na kila mmoja akaogopa kuwa ni yeye peke yake aliyekuwa amesinzia. Kisha Bi Shemsa akakohoa, akasema hilo azimio yeye mwenyewe ndiye aliyelitoa, tena kwa msisitizo. Balozi akasema anakumbuka jinsi alivyolifunga jambo hilo kwa uzito. Wengine wakaanza kukumbuka mmojammoja, na mwisho walikuwa wakikumbuka hata nani alikaa wapi.

Injinia Kisanga alikuwa ameuinamia ule ukurasa. Akainua uso, akanitazama mimi, si Balozi.

"Mimi nakumbuka vizuri sana," akasema, na akaigeuza karatasi kifudifudi.

Waziri aliitisha waandishi wa habari alasiri ileile, kwani kituo cha mama mkwe wake kilikuwa hakijauza hata lita moja tangu kizinduliwe. Alisema taifa limepata jibu lake, lililotokana na utafiti wa ndani na nje ya nchi. Alisema wapo waliodhani hatutaweza. Aliagiza mafuta yauzwe kuanzia asubuhi.

* * *

Ijumaa alfajiri tulitoka, mimi na mama, kwa mafuta ambayo sina hakika yalikuwepo. Kituoni foleni ilikuwa imekwishazunguka soko. Kabla ya pampu palikuwa na meza ya kujaza Hati ya Kutambua Tundu. Swali la kwanza: je, gari lako lina tundu? La pili: je, tundu hilo liko pale lilipo? La tatu lilitaka shahidi, na mama akatia saini kwa mkono wa kulia.

Zamu yetu ilipofika niliegesha vizuri, ubavu wa kushoto ukielekea pampu, kama watu walivyokuwa wakifanya tangu magari yaje nchini. Mafuta yakaanza kuingia. Nilisimama pale nikiyasikiliza, na sioni haya kusema kwamba machozi yalinitoka.

"Kumbe huko kwenu yuko mtu mwenye akili," mama akasema tulipoondoka.

"Wapo, mama."

Saa mbili na nusu alikuwa ameshaunganishwa. Kwa wiki tatu nzima nililala usingizi wa mtu asiye na gari.

* * *

Tume yetu ilipewa nishani. Ilikuwa tume ya kwanza katika historia ya nchi kumaliza kazi, tena kwa vikao vinne, na magazeti yaliandika kwamba huu ndio mfano wa kuigwa. Balozi Makwaya alionekana kuchanganyikiwa kidogo na sifa hizo, lakini alizizoea.

Kisha Jumatatu moja Mheshimiwa Rais alikwenda kuzindua wodi. Ratiba ilisema atatolewa damu kidogo kwa vipimo mbele ya kamera, ili wananchi waone kuwa naye ana damu. Muuguzi akamshika mkono wa kushoto, akatafuta mshipa, akakosa. Akachoma tena, akakosa. Akahamia wa kulia, akapata. Muuguzi hakuweza kukosea, kwa kuwa ni binti wa mganga mkuu. Mheshimiwa aliutazama mkono wake wa kushoto, akatikisa kichwa, akasema, "Hili la mkono lichunguzwe."

Jumatano Waziri wa Afya alisimamisha sindano zote nchini, mpaka ibainike mkono sahihi. Hapakuwa na haja ya kuunda tume mpya. Iko tume iliyothibitisha kuwa inamaliza kazi, na mwandishi wake. Alasiri ile Sista Ombeni alinipigia simu. Mashine zimefunikwa mashuka, alisema, na mlangoni ameketi mgambo.

Tukaitwa kesho yake, saa tatu na nusu. Asubuhi mama alininyooshea mkono kama kawaida. Nilikiacha kidole pale muda mrefu kuliko siku zote.

"Unanguruma?"

"Unanguruma, mama."

"Basi nenda kazini."

Ukumbini wajumbe walikuwa wamevaa nishani. Bi Shemsa alikuwa na makabrasha matatu kuhusu mkono wa kulia. Balozi alinipiga bega akipita, akasema safari hii pia tutawashangaza. Nikafungua daftari jipya. Nilikuwa nimeshaliandika azimio kichwani tangu jana, neno kwa neno, kwamba mkono sahihi ni ule ambao mshipa upo. Nilichohitaji ni ukurasa wa kuliweka na saini chini yake.

Balozi akafungua kikao. Nikasoma ajenda ya pili, kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita. Mezani, ng'ambo yangu, Injinia Kisanga aliacha kuchezea kalamu.

"Hiyo tuiruke, Bwana Kitogo," Balozi akasema. "Hiki ni kikao cha kwanza."

Nikaandika: imerukwa. Kikao cha pili kikapangwa Alhamisi inayofuata. Kati ya Alhamisi na Alhamisi kuna Ijumaa moja na Jumanne moja. Nilizihesabu chini ya meza, siku mbili mfululizo, kwa vidole vya mkono wa kushoto. Chai ikaletwa mapema, na wajumbe wakafurahi.